Kungoja Kukata Kushoto

Niliendesha magari ya serikali kwa miaka kumi na sita na sikuwahi kugonga hata kuku. Nasema hivi mapema kwa sababu habari ninayotaka kuisimulia hainipambi hata kidogo, na ningependa ijulikane kwamba aliyeaibika alikuwa dereva hasa, si mtu aliyeokota leseni sokoni. Nimepitisha Land Rover ya wizara kwenye makorongo yaliyojaa maji. Nimebeba wakubwa wa kila aina, wenye hasira na wenye maneno mengi, kati ya Dodoma na Dar es Salaam, enzi ambazo njia ile ilikuwa mashimo yenye vipande vichache vya lami katikati.

Mke wangu alitangulia Marekani kwa viza ya bahati nasibu. Mimi nikabaki na binti yetu miaka miwili nikisubiri makaratasi. Nilipoagana naye uwanja wa ndege alikuwa hajui kuendesha hata baiskeli. Nilipofika, miaka hiyo ya mwisho ya tisini, alitupokea peke yake, akakokota sanduku kubwa kuliko yote, akatuongoza hadi kwenye Corolla ya kijivu iliyobonyea ubavuni. Nikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa kulia kama nilivyozoea maisha yangu yote, nikaufungua, nikaketi, nikanyoosha mikono. Usukani haukuwepo. Ulikuwa upande wa pili, na mke wangu tayari alikuwa ameushika.

"Karibu, baba," akasema. "Funga mkanda."

Safari nzima hadi Adelphi, mji wa jimbo la Maryland, tulikokuwa na nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya tatu karibu na University Boulevard, nilishika mpini wa mlango na kukanyaga breki isiyokuwepo. Yeye aliendesha tu. Hakujionyesha. Nilitafuta kosa la kumkosoa nikalikosa, na hilo lilinikera.

Leseni ya Maryland niliipata mara ya kwanza. Siku zile mtihani ulifanyika ndani ya uwanja wao wenyewe, kwenye vibarabara vya kuchezea, vina taa ndogo na alama za kusimama, na hakuna gari jingine linalokuja isipokuwa la mtahiniwa mwenzio anayetetemeka kuliko wewe. Nilirudi nyumbani nikiipeperusha ile kadi. Nikamwambia mke wangu Wamarekani hawana mtihani, wana mchezo wa watoto. Akatabasamu, akaniambia nioshe vyombo.

Sasa nieleze jambo lililokuwa limening'inia juu yetu wakati ule. Mke wangu alifanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee kule Gaithersburg. Aliondoka alfajiri, akaingia barabara kuu ya 270 pamoja na maelfu ya wenzake, akawaogesha wazee, akawalisha, akawageuza vitandani, akarudi jioni miguu imevimba. Mwaka huo alikuwa amekubaliwa kusomea uuguzi katika chuo cha jirani. Barua ya kukubaliwa ilikaa kwenye mlango wa friji, imeshikwa na sumaku yenye umbo la nyanya. Masomo yangeanza mwisho wa Agosti, na ili asome ilibidi aache zamu karibu zote. Aache kwa kutegemea nini? Kwa kutegemea mimi nipate kazi. Bila kazi yangu barua ile ilikuwa pambo la friji tu, na sote watatu tulijua.

Kazi nikaipata, au nilidhani nimeipata, katika kampuni ndogo ya kule Riverdale iliyokuwa ikiwabeba wagonjwa wa figo kuwapeleka kusafishwa damu na kuwarudisha makwao. Walisoma maombi yangu, wakaona miaka kumi na sita, wakafurahi. Kilichobaki kilikuwa kupelekwa barabarani na mkaguzi wao. Mkaguzi huyo alikuwa Mkongo mnene wa makamo, ana miwani iliyofungwa kamba shingoni, na alipojua natoka Tanzania alihamia Kiswahili papo hapo, Kiswahili chao kile chenye Kifaransa ndani yake. Nikasema moyoni, kazi imeisha, tumeshakuwa ndugu.

Nikaendesha vizuri, naapa. Kona za kulia nilizipiga kama maji. Tulipofika kwenye makutano fulani ya University Boulevard akaniambia nikate kushoto. Mtu aliyezaliwa huku hawezi kuelewa uzito wa neno hilo. Kwetu tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo kukata kushoto ni kazi ya bure, unajikunja tu na kona yako. Huku ni kinyume. Anayekata kushoto lazima aukate msafara wote unaomjia, na pale hapakuwa na mshale wa kijani wa kutusaidia. Ilikuwapo taa ya kijani ya wote, yetu na ya hao wanaotujia, kila mtu na akili yake.

Nikasimama nyuma ya mstari mweupe nikisubiri barabara iwe tupu. Barabara ile haijawahi kuwa tupu tangu ijengwe.

"Avance, papa," mkaguzi akasema. "Ingia katikati, ungoje pale."

Nikaingia. Nikaukunja usukani wote kushoto, pua ya gari ikiwachungulia wanaokuja, nikangoja nafasi. Basi likapita, lori likapita, magari yakaja kama siafu. Taa ikawa ya njano. Ikawa nyekundu. Nami nikajiona niko katikati ya makutano, peke yangu, taa nyekundu ikinitazama kutoka juu.

Wenzangu waliowahi kuendesha Dar wataelewa kilichonipata. Kwetu, miaka ile, taa za barabarani zilikuwa chache na kila penye taa palikuwa na trafiki kwenye kivuli cha karibu. Kazi yake ilikuwa moja: kumsubiri atakayekutwa katikati taa zikibadilika. Ukikutwa pale, umevunja sheria, habari ya uliingiaje haimhusu. Anakuja polepole, amevaa nyeupe, anainamia dirisha, anaomba leseni, na bosi wako nyuma anaangalia saa. Dereva mzuri wa serikali alijifunza dawa yake: taa ikikubadilikia ukiwa umechomoza, unarudi nyuma ya mstari upesi kabla hajakuona.

Mkono wangu haukuniuliza. Ulikwenda kwenye gia, ukapiga rivasi, na gari la kampuni likarudi nyuma.

Nyuma yangu palikuwa na mama mmoja kwenye gari jekundu. Alipiga honi ndefu ambayo hadi leo nikiikumbuka masikio yanawaka. Nilisimama pamebaki upana wa kiganja. Magari ya barabara inayokatiza, ambayo sasa yalikuwa na kijani chao, yalibaki yamesimama yakitazama tamasha. Mkaguzi miwani ilimdondoka ikaning'inia kifuani.

"Eh, papa! Unafanya nini? Una-recule ku carrefour?"

Alikuwa akiniuliza kwa nini narudi nyuma kwenye makutano. Tulirudi Riverdale. Uani alizima gari mwenyewe, akaniangalia, si kwa ubaya.

"Naona wewe ni chauffeur wa kweli," akasema. "Lakini mi nabebaka bagonjwa. Siwezi kukupa bagonjwa na hiyo marche arrière, hiyo rivasi yako. Urudie kisha semaine mbili. Ukifanya hivi tena, basi, njo mwisho."

Nyumbani nilianza kwa kumlaumu Mkongo. Nikasema ana roho mbaya. Nikazilaumu taa, nikawalaumu Wamarekani wanaoruhusu mtu akate kulia taa nyekundu ikiwaka halafu wanajifanya watu wa sheria. Mke wangu alikuwa anakoroga mchuzi na kuniitikia eeh, eeh. Hadi nilipofika kwenye rivasi. Akaweka mwiko chini.

"Umepiga rivasi? Katikati ya intersection?"

"Taa ilikuwa nyekundu."

Binti yetu, aliyekuwa na miaka kumi na moja na ambaye kwa muda mfupi ule Kiingereza kilikuwa kimeshammeza, aliinua uso kutoka kwenye daftari lake. "Dad, nobody does that," akasema, akaanza kucheka.

"Usimcheke baba yako," mama yake akamkemea. Baadaye nilipokuwa chumbani niliwasikia wote wawili jikoni wakicheka hadi wanakohoa. Nililala nimegeukia ukutani.

Lakini mke wangu hakuwa mtu wa kucheka na kuishia hapo. Jumapili iliyofuata asubuhi alijaza chai kwenye chupa, akafunga maandazi kwenye taulo la jikoni, akaniambia tunatoka. Nilidhani tunakwenda kufanya mazoezi. Alituendesha dakika tano, akaegesha mbele ya duka la donati lililotazamana na makutano yale yale yaliyoniumbua, akazima injini, akanimiminia chai.

"Tutazame," akasema.

"Tutazame nini?"

"Tairi za mbele za wanaokata kushoto. Usitazame kitu kingine."

Hapo ndipo aliponieleza jinsi alivyojifunza yeye, jambo ambalo kwa majivuno yangu sikuwahi kumuuliza. Alipopata leseni alikuwa akiogopa kukata kushoto kuliko kitu chochote. Miezi mitatu mizima hakukata kushoto popote pasipokuwa na mshale. Akitaka kwenda kushoto alipita moja kwa moja, akakata kulia, akakata kulia tena, akakata kulia mara ya tatu, akatokea alikotaka. Duka lililokuwa ng'ambo ya barabara lilimchukua robo saa. Siku moja alichelewa kazini kwa sababu ya mizunguko hiyo, na mzee mmoja aliyezoea kulishwa na yeye tu akakataa kula. Jioni hiyo alishuka kwenye gari, akakaa kwenye benchi la kituo cha basi pale makutano, akatazama watu wanavyofanya mpaka akaelewa. Alikaa kwenye benchi lile jioni nne kwa jumla. Hakuwa na mtu wa kumuuliza. Wenzake kazini wangemcheka, na mimi nilikuwa mbali, na hata ningekuwa karibu nisingejua.

Nikala andazi.

Basi tukatazama. Na nilichokiona sikukitarajia. Alikuja bibi kizee mmoja wa Kizungu kwenye gari refu la zamani, kichwa chake kinaonekana kidogo tu juu ya usukani. Taa ikawa kijani. Akaingia taratibu hadi katikati, akasimama, gari limenyooka kama limewekwa kwa rula, tairi zinatazama mbele. Hakuchungulia wala hakujisukuma. Magari yakamjia, yakapita pembeni yake, naye amekaa tu. Ikaja njano. Wa mwisho wakapita mbio. Wengine wakasimama. Ndipo akaukunja usukani mara moja, akapita zake, na taa ilikuwa nyekundu juu ya kichwa chake, na hakuna aliyemwambia kitu. Kwenye barabara inayokatiza kijani kilikuwa kimewaka tayari, na gari la kwanza halikusogea mpaka bibi yule alipotoka.

"Umeona?" mke wangu akasema.

"Amepita nyekundu."

"Hakupita nyekundu. Ameingia na kijani, ana-finish tu. Ukishaingia kwa haki, una haki ya kutoka. Wale wote wanajua kuwa yumo, wanamngoja."

"Na trafiki?"

"Trafiki gani, baba? Trafiki akikukuta pale anachotaka ni utoke. Ukirudi nyuma ndiyo atakuandikia."

Nikauliza habari ya tairi. Akanionyesha kwa kikombe cha chai juu ya dashibodi. Ukiwa umezikunja mapema, akasema, na wa nyuma yako akateleza akakugonga, atakusukuma wapi? Akakisukuma kikombe kwa kidole, kikaenda kushoto. Nikatazama barabarani, lilikuwa linashuka lori la takataka kwa mwendo wa kufa mtu, nikapata jibu. Zikinyooka, utasukumwa mbele, utatoka na uvimbe na kesi ya bima. Nilikuwa nimeketi na tairi zimekunjwa mbele ya msafara ule, na mkaguzi wa watu pembeni yangu.

Nitasema ukweli: pale kwenye donati niliwapenda watu wale. Kabla ya hapo nilikuwa nawaona wagumu, hawasalimiani, kila mtu na dirisha lake. Lakini kila mzunguko wa taa mmoja wao aliingia katikati ya hatari akaketi pale na kuwaamini watu asiowajua kwamba watasimama, na wakasimama. Hakuna askari aliyewasimamia. Si wote walikuwa hodari. Mmoja alijichomeka kama madereva wa kwetu, mwingine alisinzia akapigiwa honi. Ila wengi walifanya sawasawa, hata kijana aliyekuwa na muziki unaotikisa vioo. Nilimwambia mke wangu kwamba hii ni adabu kubwa. Akasema ndiyo maana amenileta.

Kujua ni kitu kimoja, mkono ni kitu kingine. Tulipoanza mazoezi jioni baada ya kazi yake, niliingia katikati vizuri, nikanyoosha tairi, nikangoja. Ikifika njano tu, mkono wangu wa kulia unakwenda kwenye gia. Mke wangu akaweka kiganja chake juu ya gia na kukiacha hapo. Njano, nyekundu, mimi nikawa nasukumana na mkono wake badala ya kukata kona, na honi zikaanza nyuma. Siku ya tatu nilipandwa na hasira.

"Usinifundishe kazi yangu!" nikamfokea. "Nilikuwa naendesha kabla wewe hujajua kupanda baiskeli."

"Ni kweli," akasema. "Na hilo ndilo linalotusumbua."

Nikaingiza gari kwenye uwanja wa duka, nikamwachia ufunguo, nikaondoka kwa miguu. Ni mwendo wa nusu saa hadi nyumbani, kando ya University Boulevard, jua la Julai halijazama na lami inanuka. Nilitembea nikimjibu kwa sauti kama mwendawazimu. Nilipofika alikuwa amekwisha kupika wali, chakula changu kimefunikwa, yeye amelala. Hakusema neno kuhusu jambo lile, wala siku ya pili. Hakunikumbusha mazoezi. Siku tatu zikapita hivyo, na wiki mbili za Mkongo zikawa zinayeyuka.

Aliyenitoa kwenye ujinga ule ni binti yetu. Nilikuwa nachambua mchele, akaja akasimama karibu, akanivuta shati.

"Dad, Mom made me check her letter."

"Barua gani?"

Ya chuo, akasema. Mama yake alikuwa ameandika kuomba nafasi yake isogezwe hadi mwaka ujao kwa sababu za kifamilia, na alitaka mtoto amwangalizie herufi. Ilikuwa ndani ya mkoba wake tayari, imebandikwa stempu. Angeituma Ijumaa.

Sababu za kifamilia. Sababu nilikuwa mimi, nimekaa jikoni nachambua mchele. Hakuwa amenishtaki kwa mtu, hata kwenye karatasi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, wala siku ya rivasi. Mwanamke aliyekaa kwenye benchi la basi jioni nne peke yake ili mzee wa watu ale uji wake, mimi nilishindwa kumtii jioni tatu.

Aliporudi nilimngoja chini, kwenye maegesho, kabla hajazima gari. Nikafungua mlango wa upande wake.

"Nimekukosea, mama. Nisamehe. Sogea tukafanye mazoezi, na hiyo barua usiitume."

Alikuwa bado na sare yake ya kazi, ina doa la supu begani.

"Sijala," akasema.

"Na mimi sijala."

Akasogea.

Tulikwenda jioni hiyo na kila jioni iliyobaki. Kiganja chake kilikaa juu ya gia hadi mkono wangu uliposahau kwenda huko, na siku moja nikagundua ameshakiondoa zamani, amekunja mikono anatazama dukani. Nilijifunza mahali pa kusimama: si nyuma sana hata wa nyuma yako akakosa nafasi, wala si mbele sana hata ukawazibia wanaokata kutoka upande wa pili. Nilijifunza kumwangalia anayenijia usoni kama anapunguza mwendo, kwa sababu wengine wakiiona njano ndiyo kwanza wanakanyaga mafuta. Nilijifunza kukaa. Hilo ndilo lilikuwa gumu. Miaka kumi na sita nilisifiwa kwa kuwahi, na sasa nasomeshwa kukaa katikati ya barabara nimetulia hadi zamu yangu ifike.

Siku ya marudio Mkongo alinipa gari kubwa zaidi, lenye jukwaa la kupandishia viti vya magurudumu. Alinipeleka moja kwa moja kwenye makutano yale, hakujificha. Kijani. Nikaingia, nikasimama, tairi zimenyooka. Magari yakaja. Jasho lilinitiririka mgongoni hadi kwenye kiti. Njano. Yule wa kwanza anayenijia hakupunguza; nikamwacha apite. Nyuma yake basi, nalo likapita. Nyekundu. Nilihisi kila kitu ndani yangu kinataka kurudi nyuma, na nikakaa. Gari la tatu likasimama. Upande wa kulia kijani kiliwaka, na mwenye pikapu ya mbele kabisa, mtu ambaye sitamjua kamwe, aliinua vidole viwili kutoka kwenye usukani wake na hakusogea. Nikakata kushoto. Nilikata polepole, kama nabeba mgonjwa.

Mkaguzi aliandika kitu kwenye karatasi yake. Tulikuwa tumekaribia Riverdale alipofungua mdomo.

"Nani alikufundisha kungoja vile?"

Miaka kumi na sita ilikuwa tayari kwenye ulimi. Niliimeza.

"Mke wangu."

"Muke yako?" Akavua miwani, akaifuta kwenye shati. "Basi umwambie merci. Na mimi, wa kwangu njo alinifundisha. Lakini sijasemaka na mtu."

Nilianza kazi Jumatatu.

Ile barua ya kuomba kusogezewa nafasi mke wangu hakuichana. Aliibandua stempu kwa mvuke wa chai, kwa sababu stempu ni stempu, akaibandika kwenye barua nyingine ya kukubali. Mwisho wa Agosti, siku yake ya kwanza chuoni, niliomba nimpeleke mimi kabla ya zamu yangu. Aliketi kiti cha abiria, amevaa gauni lake la kitenge na viatu vya kazini, kitabu kinene cha mwili wa binadamu kimefunguliwa magotini. Alikuwa na wasiwasi. Walikuwa wameambiwa watasailiwa majina ya mifupa siku hiyo hiyo.

Tulifika kwenye makutano, kijani kikawaka, nikaingia katikati, nikangoja. Yalitujia malori, yakatupita karibu hata kioo kikatetemeka. Njano ikaja. Nilimtupia jicho nikitegemea atakuwa amekaza miguu sakafuni. Hakuwa anatazama barabara. Kidole chake kilikuwa juu ya picha ya kiganja, midomo inacheza, anayataja majina ya Kilatini ya vifupa vile vidogo moja baada ya jingine, na hakuinua kichwa hata nilipougeuza usukani na nyekundu ikatupita juu.

Njia iliyobaki hadi chuoni ilikuwa nyeupe, hakuna foleni, na mimi mwenyewe nilikuwa nachelewa zamu. Niliendesha polepole kuliko ilivyotakiwa ili amalize mifupa ya mkono.